Mtutu wa inchi ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bunduki nyepesi ya kuwindia

Msimu ukikaribia, wenye leseni wa hapa Dar es Salaam wakianza kupiga hesabu za safari ya Liwale, Rungwa au Simanjiro, maswali ni yale yale. Majibu yafuatayo yanahusu raifo ya boliti (ile unayoijaza kwa kuvuta na kusukuma kitasa cha chuma kwa mkono), nyepesi, ya kuwindia kuanzia swala hadi pofu. Msimamo wangu nautanguliza mapema ili usije ukanilaumu baadaye: wengi wetu tunanunua mtutu mrefu kwa kuogopa kupoteza nguvu, kisha tunatembea porini na inchi ambazo hazitatusaidia hata siku moja. Anza na kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, kisha fikiria pori unalokwenda. Ukishayajua hayo mawili, kazi ya kuchagua urefu imebaki ndogo.

Bunduki "nyepesi" ni ya kilo ngapi?

Hakuna kipimo rasmi. Wawindaji wengi huita nyepesi raifo isiyozidi kilo 3 kabla haijafungwa darubini. Weka darubini, mkanda na risasi nne ndani ya magazini, utajikuta na kilo 3.5 au zaidi kidogo begani. Kampuni ya Winchester ilipotoa Model 70 Featherweight mwaka 1952, iliipa mtutu mwembamba wa inchi 22 wakati Model 70 ya kawaida ilikuwa na inchi 24. Tangu hapo inchi 22 imekuwa kama desturi kwa bunduki za aina hii.

Urefu wa mtutu unapimwa kuanzia wapi hadi wapi?

Unapimwa kutoka uso wa boliti iliyofungwa hadi mdomo wa mtutu. Kwa hiyo chemba, pale risasi inapolala, imo ndani ya hesabu. Toa risasi zote, chungulia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, kisha funga boliti. Ingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomoni taratibu hadi ugonge boliti, weka alama kwa kalamu ufito unapotokea mdomoni, utoe, upime. Inchi 18 ni sentimita 45.7, inchi 20 ni 50.8, inchi 22 ni 55.9, na inchi 24 ni 61. Breki (kifaa cha kupunguza teke) au kifaa kingine kinachofunguliwa mdomoni hakihesabiwi.

Watu hupima kutoka kwenye mbao za kitako zinapoishia, au kutoka mwanzo wa chuma kinachoonekana, halafu wanabishana na muuzaji bure.

Nikipunguza inchi moja napoteza kasi kiasi gani?

Kwa kaliba za kawaida kama .308 Winchester na .30-06, kadiria futi 20 hadi 25 kwa sekunde kwa kila inchi, yaani mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Kwa .270 Winchester inasogea kwenye 30. Kwa magnamu, mfano .300 Winchester Magnum, inaweza kufika 35 au kuvuka. Sababu iko kwenye baruti. Risasi ndogo ina baruti chache inayoungua upesi, kwa hiyo kichwa cha risasi kinapofika katikati ya mtutu sehemu kubwa ya msukumo imeshakwisha, na inchi za mwisho zinaongeza kidogo tu. Magnamu ina ganda kubwa lenye baruti nyingi inayoungua polepole, na gesi yake bado inasukuma kwa nguvu kichwa kinapokaribia mdomo. Ukiufupisha mtutu wa magnamu, baruti uliyoilipia inatoka nje kama moto na kelele.

Jambo jingine: kasi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi kwa kaliba nyingi imepimwa kwa mtutu wa majaribio wa inchi 24. Boksi la .308 yenye kichwa cha greni 150 (kama gramu 9.7) huandikwa futi 2,820 kwa sekunde. Kwa mtutu wa inchi 20 tegemea kitu cha karibu na 2,730. Hata mitutu miwili ya urefu uleule, ya kiwanda kimoja, hutofautiana kasi, na wakati mwingine tofauti hiyo inafikia ile ya inchi mbili nzima. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba inchi 22 yake inaipita inchi 24 ya jirani, usimwite mwongo.

Na hiyo kasi iliyopungua, mnyama ataijua?

Kwa umbali tunaowindia wengi wetu, hapana.

Chukua .308 hiyo hiyo. Sema umepunguza inchi nne na umepoteza futi 90 hadi 100 kwa sekunde. Darubini ikiwa imerekebishwa ipige sawasawa mita 200, tofauti ya kushuka kwa risasi ukifika mita 300 haizidi sentimita tatu. Kongoni hana kiungo cha kuwindia ambacho sentimita tatu zitakikosa, na mpigaji wa kawaida aliyeegemea mti anayumba zaidi ya hapo kwa pumzi yake mwenyewe. Nishati inapungua kama asilimia 7.

Kinachostahili kuangaliwa ni kasi risasi inapomfikia mnyama. Vichwa vingi laini vya kuwindia vinahitaji takriban futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde ili vitanuke vizuri ndani ya nyama. Chini ya hapo vinaweza kupita kama msumari, na hapo ndipo unapoanza kufuata damu hadi giza liingie. .308 ya inchi 20 bado iko juu ya mpaka huo kwenye mita 250. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: mara ya mwisho ulipopiga mnyama kwa halali na kwa uhakika, alikuwa mita ngapi? Waliozoea kusini watajibu 60, 80, labda 120.

Mtutu mfupi si unapunguza shabaha?

Haupunguzi. Hii ni imani iliyobaki kutoka enzi za kulenga kwa nishani za chuma, zile alama za kulengea zilizo juu ya bunduki, ambapo umbali mkubwa kati ya nishani ya nyuma na ya mbele ulisaidia jicho kuona kosa dogo. Kwa darubini hoja hiyo imekufa.

Ukweli wenyewe unaelekea upande wa pili. Mtutu unapofyatuliwa hutetemeka, na mtutu mwembamba hutetemeka zaidi. Ugumu wa chuma kilichoshikwa upande mmoja hubadilika kwa kipeo cha tatu cha urefu wake, kwa hiyo mtutu wa inchi 20 ni mgumu zaidi ya mara moja na nusu kuliko wa inchi 24 wenye unene ule ule. Kwa bunduki nyepesi, ambayo tayari ina mtutu mwembamba, hiyo ni faida ya kweli.

Tatizo la mtutu mwembamba ni joto. Risasi mbili za kwanza zitakaa pamoja, ya tatu au ya nne inaweza kuanza kuhama. Unapojaribu shabaha kwenye uwanja unaoruhusiwa, acha mtutu upoe kabisa kati ya risasi. Kwa jua la Dar saa sita mchana, weka bunduki kivulini boliti ikiwa wazi na usiwe na haraka. Risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi ndiyo utakayompigia mnyama, kwa hiyo ndiyo ya kuichunguza.

Nikiufupisha mtutu, bunduki itakuwa nyepesi kweli?

Hapa wengi wanashangaa. Mtutu mwembamba wa kaliba .30, wenye kipenyo cha milimita 15 hivi mdomoni, una uzito wa gramu 27 au 28 tu kwa inchi. Risasi moja ya .308 ina uzito wa karibu gramu 25. Maana yake kila inchi unayoiondoa ni kama kutoa risasi moja mfukoni. Inchi nne hazifiki gramu 120.

Darubini kubwa yenye bomba la milimita 30 inaweza kuipita ndogo kwa gramu 300. Ukitaka kupunguza uzito, anza na darubini, kisha kitako, kisha unene wa mtutu. Urefu unakuja mwisho. Unachokipata kwa kufupisha ni mizani: kitovu cha uzito kinarudi nyuma, karibu na mikono, na bunduki inanyanyuka haraka. Wapo wasiolipenda hilo. Bunduki yenye mdomo mwepesi sana huyumba ukipiga kwa kusimama, hasa baada ya kupanda kilima moyo ukiwa unadunda. Mimi napenda uzito kidogo mbele, ndiyo maana kwenye inchi 18 huwa nasita.

Kwa mapori ya kusini, Liwale, Tunduru, Rufiji, nichukue ipi?

Inchi 20 hadi 22. Pori la miyombo mwanzoni mwa msimu, kabla moto haujapita kwenye majani, halikupi nafasi ya kuona mbali. Unatembea kwa kuinama, unapita kwenye vichaka vya mianzi mito inapokaribia, unasimama ghafla kwa sababu mfuata nyayo amenyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Katika hali hiyo bunduki inatakiwa ifike begani bila kugusa kitu.

Jaribu hivi nyumbani: ning'iniza bunduki begani kwa mkanda, mdomo juu, halafu simama mbele ya kioo. Raifo yenye mtutu wa inchi 24 huwa na urefu wa karibu sentimita 112, na mdomo wake husimama juu ya kichwa chako. Macho yako yanakwepa tawi, mdomo wa bunduki haukwepi. Mwezi wa nane, upupu ukiwa umekauka kwenye matawi, mdomo ukigonga maganda yake ule unga wote unakushukia shingoni na ndani ya shati. Aliyepatwa na hilo akiwa mita 40 kutoka kwa kundi la pofu hahitaji kuelezwa faida ya inchi mbili. Usisugue, paka majivu au udongo mkavu, na samehe pofu wa siku hiyo.

Na kwa mbuga za Umasaini?

Simanjiro na Longido ni habari nyingine. Swala granti anakuona kabla hujamwona, na mita 200 hadi 250 ni umbali wa kawaida. Huko inchi 22 hadi 24 zina maana, hasa kwa .270 au magnamu, kwa sababu kasi inakusamehe unapokosea kukadiria umbali. Hakuna upupu wa kukusumbua, na bunduki ndefu yenye uzito mbele inatulia vizuri juu ya fimbo tatu za kuegemea. Kama unakwenda pande zote mbili, chukua inchi 22 ulale usingizi.

Nipe basi kwa kaliba.

.243 Winchester na .270 zinapenda 22; .243 hasa, kwani kasi ndiyo mtaji wake. .308 inavumilia ufupi kuliko karibu zote, na 20 inaitosha kabisa. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, ni vizuri kwa 22 ingawa 20 haiiui. 7x57 ya tangu 1892 iko sawa na 22. .30-06 weka 22. Magnamu kama .300 usishuke chini ya 24. Ukiweka .300 Winchester Magnum kwenye mtutu wa inchi 20, unabaki na kasi inayoizidi .30-06 kwa kiasi tu, lakini teke (msukumo wa bunduki begani), kelele na moto unabaki navyo vyote, tena vimeongezeka. Mtu anayetaka bunduki fupi na nyepesi hana sababu ya kununua magnamu.

Kelele inaongezeka sana?

Inaongezeka, na mdomo unakuwa karibu zaidi na masikio yako. Raifo yoyote ya kuwindia inapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuacha madhara ya kudumu. Kwa hiyo mtutu mrefu nao hauko salama; mfupi unazidisha tu. Vaa vizibo vya masikio kwenye uwanja wa shabaha bila mjadala. Porini, kaa na vizibo mfukoni mwa shati na uvivae kabla ya kulenga.

Nifunge breki mdomoni kupunguza teke?

Kwenye uwindaji wetu, mimi napinga. Breki hugeuza gesi pembeni na nyuma kidogo, na pembeni yako yupo mfuata nyayo na askari wa wanyamapori. Wewe utapata nafuu ya bega, wao watapata mlio wa masikio hadi jioni. Tena breki inaongeza inchi mbili kwenye mtutu ambao ulitaka uwe mfupi.

Teke lenyewe linatokana zaidi na uzito wa bunduki. Risasi ile ile, bunduki ikipungua kutoka kilo 4 hadi 3, nishati ya teke inaongezeka kwa theluthi moja. Mpira mzuri kwenye kitako na kaliba ya wastani vinatibu hili bila kumuumiza mwenzako.

Je, kwa nyati?

Nyati si mnyama wa bunduki nyepesi. Hapa Tanzania kwa wanyama hatari kama nyati na tembo inatakiwa kaliba .375 na kwenda juu. .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, husukuma kichwa cha greni 300 kwa futi 2,530 kwa sekunde, na bunduki yake inahitaji kilo 4 au zaidi ili mpigaji arudie risasi ya pili upesi. Mtutu wa inchi 22 au 23 unafaa, maana nyati hupigwa karibu, lakini uzito usiuguse.

Kuna mzee ananiambia zamani walikuwa na vibunduki vifupi kuliko hivi na waliua kila kitu. Kweli?

Kweli kwa sehemu. Karabini ya Mannlicher-Schönauer ya mwaka 1903 ilikuwa na mtutu wa sentimita 45, chini ya inchi 18, na mbao zilizofika hadi mdomoni. Ilibebwa sana Afrika kwa sababu ya wepesi wake, hata kwa wanyama ambao leo sheria haikuruhusu kuwapiga kwa kaliba yake ya 6.5. Kilichoifanya iue ni kichwa kirefu kizito kinachozama ndani, na wapigaji waliokaribia sana kabla ya kufyatua. Ukiiga ufupi, iga na kukaribia.

Nimerithi raifo ya marehemu baba, mtutu wake inchi 26. Niupeleke kwa fundi ukatwe?

Pole kwa msiba. Kwanza hakikisha umiliki umehamishiwa kwako kihalali kupitia polisi; silaha ya marehemu hairithiwi kama kiti cha uvivu. Pili, kukata mtutu ni kubadilisha silaha iliyosajiliwa, na tuko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo ofisi ya polisi inayosimamia leseni yako iulizwe kabla fundi hajashika msumeno. Fundi mwenyewe awe na leseni. Asiwe kijana wa grili wa mtaani mwenye mkono mzuri.

Baada ya hayo yote, ushauri wangu ni uiache. Utapunguza gramu mia na kitu, utapoteza nishani ya mbele na pengine thamani ya bunduki. Hiyo ni bunduki ya mbugani. Ipeleke Simanjiro.

Nanunua iliyotumika. Niangalie nini mdomoni?

Ukingo wa ndani wa mdomo ndio mahali pa mwisho kichwa cha risasi kinapogusa chuma, na dosari ndogo pale inaharibu shabaha kuliko inchi zozote unazozibishania. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kizungushe polepole kwenye ukingo huo. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana jeraha au kinundu. Kisha angalia kama mtutu uliwahi kukatwa: mdomo uliokatwa vibaya hauko mraba na mtutu, na rangi ya chuma pale mwishoni hutofautiana. Mtutu mfupi wa kiwandani ni mali nzuri. Uliokatwa gizani, na bila karatasi, ni kesi unayoinunua.

Hewa ya Dar inaathiri uchaguzi?

Urefu hauathiriki. Chuma ndicho kinachoathirika. Ukikaa Mbezi Beach au Kigamboni, upepo wa chumvi unaingia hadi kabatini. Chuma cha pua kina nafuu, lakini nacho hushika kutu kikisahauliwa. Usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji, unashika unyevu. Futa kwa kitambaa chenye mafuta kila ukiishika, na pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kabla ya kufyatua, kwani mafuta mengi ndani huhamisha risasi ya kwanza.

Dukani naijaribuje?

Omba muuzaji athibitishe kuwa ni tupu, nawe uthibitishe. Tazama alama salama ukutani, fumba macho, ipandishe begani kwa mwendo mmoja, fumbua. Ukiona duara zima la darubini bila kusogeza shingo, kitako kinakufaa. Rudia ukiwa umepiga goti. Kisha ishike kwa mkono mmoja chini ya magazini uone mdomo unaelekea wapi: ukidondoka sana, mtutu ni mzito kwa bunduki hiyo; ukipanda juu, jiandae kuyumba. Fanya haya ukiwa umevaa shati la porini. Fulana ya mjini inadanganya urefu wa kitako.

Muuzaji ana 20 na 24 tu, 22 hana. Nifanyeje?

Kama ni .308, chukua 20. Kama ni .270, chukua 24. Kama ni .30-06 na unakwenda kusini, chukua 20 na uzoee kelele yake. Kama ni magnamu, chukua 24, na mtutu ukiwa mwembamba sana, subiri mzigo mwingine uingie.